Azma ya Ramadhani huenda wapi ifikapo Mfunguo Mosi?

Kila mwaka, katika kumi la mwisho la Ramadhani, sisi tulio katika kamati za misikiti hupokea waumini wengi wenye ombi moja: waandikwe majina katika darsa la watu wazima la kuhifadhi Qur'an. Huja baba aliyeguswa na kisomo cha imamu katika tarawehe. Huja mama ambaye mwanawe wa madrasa amemsahihisha aya mbele ya wageni. Daftari la mahudhurio hujaa. Kisha Idi hupita, na kabla Mfunguo Mosi haujaisha darsa hubaki na watu wa kuhesabika kwa vidole.

Upungufu huo peke yake usingetusumbua sana. Linalotusumbua ni kwamba aliyeacha huona haya. Humkwepa ustadh njiani, huanza kuswali Isha nyumbani, na jambo lililokusudiwa kumkurubisha na msikiti likawa ndilo linalomweka mbali nao.

Wenyewe, wakiulizwa, husema ni uvivu. Hatukubaliani nao. Mtu aliyefunga mwezi mzima huku akiendesha pikipiki juani si mvivu. Kasoro tunaiona katika kiwango alichojiwekea. Aliazimia ukurasa mmoja kila siku, tena aliazimia usiku ambao moyo ulikuwa laini na nyumba yote imeamka kwa ajili ya ibada. Hakukipima kiwango hicho kwa siku ya kawaida ya Mfunguo Pili, mtoto ana homa na mwenye nyumba anadai kodi.

Katika hadithi alizopokea Imamu Bukhari imo habari ya Abdallah bin Amr bin Al-Aas (r.a.), kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kukesha kila usiku kwa kisomo. Mtume (s.a.w.) alipopata habari zake alimtaka apunguze, akampendekezea siku tatu kwa mwezi. Kijana akaomba zaidi, akaongezewa, hata akafikia saumu ya Nabii Daud, kufunga siku moja na kula siku moja. Alipozeeka na kudhoofika alitamani lau angeipokea ile ruhusa ya mwanzo. Lakini hakuiacha ibada yake. Alipohitaji nguvu alikula siku kadhaa mfululizo, akazihesabu, kisha akafunga idadi ile ile. Hapa pana fiqhi ambayo mwenye azma yoyote anaihitaji: siku zilizompita hazikumfanya ajione amekwisha kuharibikiwa, zilikuwa deni lenye hesabu.

Sasa tuingie katika hesabu yetu. Msahafu uliozoeleka, chapa ya Madina, una kurasa 604, na ukurasa wa kawaida una mistari 15. Anayehifadhi nusu ukurasa, yaani mistari saba au minane, kwa siku tano za juma, na siku mbili akazitenga kwa kudurusu, atamaliza kwa muda wa miaka minne na miezi minane hivi. Wapo watakaoguna kuwa ni mingi. Miaka hiyo itapita tu, ahifadhi asihifadhi. Na Juzuu Amma, yenye kurasa 23, huchukua wiki tisa au kumi kwa mwendo huo huo. Tunapendelea mtu alenge hiyo kwanza, na asimtangazie yeyote zaidi ya mkewe au mumewe na ustadh wake. Mtindo wa kutaja azma za watu kwenye kipaza sauti, kwa kweli, hatuupendi.

Siku mbili za kudurusu zisiliwe. Mtume (s.a.w.) aliifananisha Qur'an na ngamia aliyefungwa kamba: mwenyewe akimwangalia hubaki naye, akimwachia huenda zake. Njia nyepesi ni kuzisoma aya mpya katika sunna za siku hiyo, na usiku kumsomea mtoto anayesoma madrasa, yeye akiwa ameshika Msahafu. Watoto huifurahia kazi hii mno, wala hawasamehi kosa.

Kwa anayesema umri umempita, tunamtajia Al-Qaffal wa Marw, mmoja wa maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Alikuwa fundi wa kufuli, na elimu aliianza akiwa na miaka 30.

Ama yule aliyekwisha kutoweka darsani tangu Mfunguo Mosi, utaratibu wake ni mwepesi. Aje baada ya Magharibi siku yoyote ya darsa. Hataulizwa alikuwa wapi. Ustadh atamsikiliza kile kilichobaki kifuani, hata kama ni sura tatu fupi, ataweka alama ya penseli hapo, na wiki ya kwanza hatampa aya mpya hata moja.