Ongeza Mwendo wa Wimbo Bila Kuharibu Sauti

Leo naleta somo dogo nililojifunza kwa aibu, ili nyie lisiwakute.

Jamaa yangu mtaani anaimba. Biti yake ilikuwa BPM 90, yaani mapigo 90 kwa dakika. Madensa wakalalamika kwamba inavuta miguu, wanataka 100. Akaniletea kwenye flashi na hela ya kafe juu. Mimi nikafungua programu, nikaongeza spidi, nikaseva palepale juu ya faili lake. Kazi kwisha!

Siku ya shoo, kiitikio kikamshinda. Biti ilikuwa imepanda karibu toni nzima, sauti yake haifiki. Watu walicheka, na nakala ya zamani hakuna tena. Wiki mbili hatukusalimiana.

Nilikosea wapi? Nilichanganya spidi na tempo.

Spidi ni kama ile redio ya kaseti: betri zikiisha, mwimbaji anaburuza na sauti inakuwa nzito. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo. Sauti ya CD ni namba 44,100 kwa kila sekunde. Ukizisoma haraka zaidi, mawimbi yanabanwa na sauti inakuwa nyembamba. Ukisoma mara mbili, inapanda oktavi nzima.

Tempo ni kitu kingine. Programu inakata wimbo vipande vidogo sana, vya sehemu ndogo ya sekunde, inavisogeza karibu karibu na kuunganisha kingo zake. Wimbo unafupika, lakini mawimbi ndani ya kila kipande hayabanwi. Kwa hiyo kii inabaki ileile.

Sasa fanya hivi. Audacity ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000.

1. Kopi faili kwanza. Usiguse la mwenyewe!
2. Fungua kopi, bonyeza Ctrl+A kuchagua wimbo wote.
3. Nenda menyu ya Effect, tafuta Change Tempo. Sio Change Speed.
4. Andika asilimia. Hapa wengi tunateleza: kutoka 90 kwenda 100 sio asilimia 10. Chukua 10 gawa kwa 90, unapata 11.1. Wimbo wa dakika 4 utakuwa dakika 3 na sekunde 36.
5. Sikiliza kwanza, halafu seva kwa jina jipya.

Angalizo mbili. Ukizidisha sana, ngoma zinaanza kugonga mara mbili na sauti inatetemeka, maana viungo vya vile vipande vinasikika. Pili, kila ukiseva upya kwa MP3 unapoteza ubora kidogo. Kama bado unahangaika nayo, seva WAV, MP3 iwe ya mwisho.

Jamaa alirekodi biti upya, hela yake nikamrudishia. Siku hizi ananiletea kazi tena, ila nakala anabaki nayo mwenyewe. Simlaumu.

Nawasilisha. Mwenye njia bora zaidi amwage hapo chini kwenye maoni.