Mita Inasema Nini, na Inaficha Nini? Sayansi ya Gari la Kifahari Lililotembea Sana

Mwaka 1981 dereva wa teksi katika mji wa Thessaloniki, Ugiriki, aitwaye Gregorios Sachinidis, alinunua gari kuukuu. Lilikuwa Mercedes-Benz 240 D la dizeli lililoundwa mwaka 1976, na mita yake ilikuwa imekwisha kuhesabu kilomita zipatazo 220,000. Wanunuzi wengi wangelipita bila kuligusa. Mwaka 2004, Sachinidis alipolikabidhi kwa jumba la makumbusho la kampuni iliyoliunda, huko Ujerumani, gari hilo lilikuwa limekwenda kilomita milioni 4.6. Huo ni umbali wa kuizunguka dunia kwenye ikweta mara 115 hivi.

Haifai kudhani kwamba gari hilo liliundwa kwa chuma cha ajabu. Injini iliondolewa na kubadilishwa zaidi ya mara moja, na sehemu nyingine nyingi kadhalika. Gari lilidumu kwa sababu kila kilichochakaa kilishughulikiwa kabla hakijaharibu kingine, na kwa sababu lilikuwa gari ambalo fundi wa kawaida aliweza kulifungua na kulifunga tena.

Katika Afrika Mashariki gari la kifahari limehesabiwa kwa muda mrefu kuwa alama ya cheo, hata watu wakapata kuwaita wakubwa "wabenzi". Lakini gari lililokuwa la mkurugenzi likifikisha miaka kumi na mitano au ishirini, huuzwa kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuimudu akiweka akiba. Hapo ndipo hatari ilipo. Akiba ya miaka mingi inaweza kununua chombo cha kutumainiwa, au inaweza kununua mzigo utakaokaa uani juu ya mawe. Tofauti ya hali hizo mbili haionekani katika rangi ya bodi, wala haisomeki kwenye mita peke yake.

MITA INAHESABU NINI?

Mita huhesabu mizunguko ya magurudumu na kuigeuza kuwa kilomita. Haihesabu saa ambazo injini imefanya kazi, wala idadi ya mara ambazo imewashwa ikiwa baridi. Tuseme magari mawili ya namna moja yamekwenda kilomita 300,000 kila moja. La kwanza limetumika katika safari ndefu, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 75 kwa saa. Injini yake imefanya kazi kwa saa 4,000. La pili limetumika katika msongamano wa mjini, kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Injini yake imefanya kazi kwa saa 15,000, yaani karibu mara nne ya lile la kwanza, ingawa mita zao zinaonyesha tarakimu ileile.

Hesabu nyingine yafaa kufanywa. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huzunguka mara 120,000 kwa saa. Kwa saa 4,000 mizunguko hiyo hufikia milioni 480. Yawezekanaje vipande vya chuma vizunguke vikigusana mara milioni 480 bila kusagika vikawa unga? Jibu ni kwamba, mambo yakienda sawa, havigusani.

UTANDO UNAOBEBA MZIGO

Jambo hilo liligunduliwa kwa bahati huko Uingereza. Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano katika beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, lakini ekseli ilipozunguka, oili ilipanda na kutoka kwa nguvu. Akaziba tundu kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Alipofunga kipimo cha kanieneo, kilionyesha zaidi ya paundi 200 kwa kila inchi ya mraba, ilhali mzigo wenyewe ulikuwa na wastani wa paundi 100 tu. Ekseli ilikuwa ikielea juu ya oili.

Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza sababu yake kwa hisabati. Ekseli inayozunguka huivuta oili na kuiingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na oili, kwa kuwa ina mnato, hubanwa na kujenga kanieneo ya kutosha kubeba mzigo. Hivi ndivyo beringi za injini ya gari zinavyofanya kazi hadi leo, juu ya utando ulio mwembamba kuliko unywele wa binadamu.

Kutokana na kanuni hiyo yapo mambo matatu ambayo mwenye gari hana budi kuyafahamu. Kwanza, utando hujengwa na mwendo, kwa hiyo wakati wa kuwasha injini iliyolala usiku kucha, chuma hugusa chuma kwa kitambo kidogo. Gari linalowashwa mara nyingi kwa safari fupi huchakaa upesi. Pili, katika safari fupi oili haipati joto la kutosha kuvukiza maji na petroli vinavyojipenyeza ndani yake, na mchanganyiko huo hufanya asidi. Tatu, oili hubeba masizi na vumbi la chuma, na dawa zilizotiwa kiwandani ili kuilinda hupungua nguvu. Oili iliyokwisha muda wake yaweza kuonekana imejaa kwenye kijiti cha kupimia, kumbe haina tena uwezo wa kulinda.

JOTO NA MFUNIKO MDOGO

Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Katika usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Lakini mfuniko wa rejeta huzuia mvuke na kuongeza kanieneo ndani. Kanieneo ikiongezeka kwa kiasi cha angahewa moja, maji ya usawa wa bahari hayachemki mpaka nyuzi 120 hivi. Mfuniko wenye mpira uliochoka huondoa kinga hiyo yote.

Matokeo yake yaweza kuwa makubwa. Katika injini nyingi, silinda hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka, hedi hupinda, gasketi huungua, na maji huingia katika oili. Hapo mfuniko wa bei ndogo huwa umeangamiza injini nzima. Ni kwa sababu hiyo maji ya bomba peke yake hayafai katika rejeta. Dawa ya rejeta huzuia kutu na ulikaji wa aluminiamu, na hupandisha zaidi kiwango cha kuchemka.

VITU VINAVYOZEEKA VIKIWA VIMESIMAMA

Wauzaji hupenda kusifu gari la zamani ambalo mita yake ni ndogo. Hata hivyo, zipo sehemu zinazozeeka kwa miaka na si kwa kilomita. Mpira hushambuliwa na oksijeni na ozoni ya hewani, nao hukauka na kupasuka. Hali hiyo huzipata paipu za maji, bushi, mikanda na tairi. Tarehe ya kuundwa kwa tairi huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa zee la hatari.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakisha kunyonya maji, kiwango kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzi 155. Katika mteremko mrefu, breki zikipata joto kali, mafuta yenye maji huchemka, mapovu ya mvuke hujitokeza, na kwa kuwa mvuke hubanika, pedali huzama bila gari kusimama. Hata waya za umeme huzeeka. Baadhi ya magari ya Ulaya ya mwanzo wa miaka ya 1990 yalifungwa waya ambazo gamba lake huvunjikavunjika kwa joto la injini.

BEI HUSHUKA, VIPURI HAVISHUKI

Tuseme gari liliuzwa likiwa jipya kwa bei ya fungu 100 za fedha, na baada ya miaka 15 linauzwa kwa fungu 8. Tuseme tena kwamba giaboksi yake mpya hugharimu fungu 6. Kwa mwenye gari wa kwanza, kubadili giaboksi kungemgharimu asilimia 6 ya thamani ya gari. Kwa mwenye gari wa sasa ni asilimia 75. Gari limekuwa la bei ya chini, lakini halijawa gari la gharama ya chini.

Tena, kadiri gari lilivyokuwa na starehe nyingi, ndivyo lilivyo na mitambo mingi ya kuharibika. Mfano ni springi za hewa, ambazo Mercedes-Benz ilizifunga katika S-Class iliyotolewa mwaka 1998. Badala ya springi ya chuma kuna mfuko wa mpira uliojazwa hewa na pampu ya umeme. Mpira ukipata ufa, hewa huvuja, na asubuhi gari huonekana limelala upande mmoja. Pampu iliyokusudiwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi hulazimika kufanya kazi mfululizo, hupata joto, na mwishowe huungua. Gari la Sachinidis lilikuwa na springi za chuma, na injini yake ilitoa nguvu za farasi 65 tu.

KABLA YA KULIPA

Mnunuzi aombe kuliona gari asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Injini iliyokwisha pashwa moto kabla hajafika huficha maradhi yake. Likiwashwa, autazame moshi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto huonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi mweusi huonyesha mafuta yasiyoungua vizuri. Afungue kifuniko cha oili: ute mfano wa maziwa ni ishara ya maji.

Kisha ailinganishe mita na mambo mengine. Raba ya pedali iliyolika na usukani uliong'aa kwa mikono havipatani na kilomita 80,000. Mita zaweza kurudishwa nyuma, na zile za tarakimu za umeme hazikuondoa udanganyifu huo. Ushahidi ulio bora ni stakabadhi za matengenezo zenye tarehe na kilomita zinazofuatana. Gari lenye kilomita 300,000 na stakabadhi zake ni salama kuliko lenye 120,000 lisilo na karatasi hata moja. Hatimaye, alipeleke kwa fundi aliyemchagua mwenyewe, na aulize bei za vipuri vitatu au vinne vikubwa kabla ya kukubaliana bei ya gari.

BAADA YA KULIPA

Mnunuzi asitumie akiba yake yote katika kununua. Sehemu yake ibaki kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, ambayo yafaa yafuate utaratibu. Kwanza ni vitu vya uhai: breki, tairi na usukani. Pili ni vitu vinavyolinda injini na giaboksi: oili, machujio, maji ya rejeta, mfuniko wake, paipu na mikanda. Starehe, kama vile viti vya umeme na redio, zingoje zamu yake.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Chagueni gari moja la shule au la jirani. Kwa kumuuliza dereva, kadirieni mwendo wake wa wastani, kisha tafuteni saa ambazo injini imefanya kazi na mizunguko iliyozunguka. Someni tarehe za tairi zote, pamoja na tairi la akiba. Mwisho, mwandalieni dereva daftari lenye safu nne: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, na gharama. Baada ya mwaka mmoja, gawanyeni jumla ya gharama kwa kilomita zilizokwenda, mpate gharama ya kila kilomita. Linganisheni jibu hilo na nauli ya basi.