Ubao wa Povu na Uzito wa Ndege za Mfano

Ubao wa povu, yaani bamba jepesi la plastiki iliyojaa viputo vya hewa na kubandikwa karatasi pande zote mbili, haukubuniwa kwa ajili ya ndege bali kwa ajili ya mabango, maonyesho na picha za ukutani, na ndiyo sababu sifa zinazompendeza mtengeneza mabango, kama vile karatasi nene, uso unaong'aa na ugumu usiopindika, mara nyingi humtia hasara mjenzi wa ndege za mfano. Kwa mjenzi huyo, ubao bora dukani huweza kuwa mbaya kuliko zote angani.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Marekani, ambako wajenzi wengi wa ndege zinazoongozwa kwa rimoti waliukimbilia ubao wa bei ya chini kabisa, unaotengenezwa na kampuni ya Adams kwa jina la Readi-Board na kuuzwa katika maduka ya Dollar Tree, kwa dola 1 tu hadi maduka hayo yalipopandisha bei kuwa dola 1.25 mwishoni mwa 2021. Kipande chake cha sentimita 51 kwa 76, chenye unene wa takriban milimita 5, kina uzito wa gramu 115 hivi, ilhali baadhi ya chapa za bei ya juu, kwa ukubwa uleule, hukaribia maradufu ya uzito huo. Flite Test, kundi la jimbo la Ohio lililojulikana kwa kugawa michoro ya ndege bila malipo, lilisanifu ndege zake nyingi kwa kuzingatia ubao huo mwepesi, kisha likaanza kuuza ubao wake lenyewe, wenye karatasi ya kahawia inayostahimili maji.

Ni kosa kudhani kuwa nguvu ya ubao hutoka kwenye povu. Bawa linapobebeshwa mzigo, uso wa chini huvutwa na uso wa juu hubanwa, na karatasi mbili ndizo zinazopokea nguvu hizo, huku kazi ya povu ikiwa ni kuzitenganisha kwa umbali usiobadilika. Kanuni hiyohiyo ilitumika katika ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo de Havilland Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1940, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa cha balsa, mti mwepesi mno, iliyowekwa kati ya tabaka za plaiwudi. Kwa hiyo anayechagua ubao kwa hakika anachagua karatasi: ikiwa nyembamba mno, bawa hukunjika, ikiwa nzito mno, ndege hulazimika kuruka kwa kasi kubwa.

Hesabu yake si ngumu. Bawa lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 20, likikunjwa ili liwe na uso wa juu na wa chini, hula karibu mita za mraba 0.48 za ubao. Kwa ubao wa gramu 300 kwa mita ya mraba litakuwa na gramu 144, na kwa ubao wa gramu 600 litafikia gramu 288. Ndege iliyokusudiwa kuwa na gramu 700 ikiongezewa tofauti hiyo, kasi ya chini kabisa inayoiwezesha kubaki hewani hupanda kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa kasi hiyo hufuata kipeuo cha pili cha uzito, na anayejifunza kutua huihisi tofauti hiyo mara moja. Mizani ndogo ya jikoni basi ina faida kubwa kuliko jina lililochapishwa kwenye ubao.

Baada ya uzito hufuata kemia. Povu la kawaida ni polistireni, ambayo huyeyushwa na supagluu ya kawaida, petroli na rangi nyingi za kupuliza, hivyo ukingo uliokatwa, usio na karatasi ya kuukinga, huliwa upesi. Gundi inayoyeyushwa kwa joto hufaa, mradi isiwe na joto la kupita kiasi wala isimwagwe ovyo, maana nayo ina uzito. Karatasi nayo hunywa unyevu, na ikipakwa rangi upande mmoja tu ubao hupinda. Vanishi ya maji, kwa tabaka nyembamba pande zote, hupunguza tatizo hilo. Kwa wanaotaka ndege isiyovunjika kwa kila anguko lipo povu la polipropilini, linalonepa na kurudia umbo lake, lakini halikunjwi kwa urahisi kama ubao wenye karatasi, ambao hukatwa upande mmoja na kuachiwa karatasi ya chini iwe bawaba.

Bei ndogo ina faida nyingine isiyoonekana dukani. Katika michoro mingi ya ndege za ubao wa povu mota na vifaa vyake hufungwa kwenye kisanduku kinachoshikwa na vijiti vya mwanzi, vilevile vya mishikaki, pamoja na mipira ya kufungia, hivyo ubao unapochakaa kisanduku huchomolewa na kuhamishiwa ndege nyingine, na mjenzi hununua upya sehemu iliyo rahisi kuliko zote.