Samaki Walao Mwani na Siri ya Maji Safi

Wasomaji wa Mombasa, Lamu na Unguja wakilisikia neno mwani hukumbuka majani marefu yaletwayo na maji ufukoni. Hapa Kisumu, katika maji baridi ya Ziwa Viktoria, mwani ni mdogo mno. Aghalabu hauonekani ila kwa rangi yake: utelezi wa kijani juu ya mawe, na maji yaliyogeuka mfano wa mchuzi wa mchicha. Wapo samaki ambao riziki yao ni huo, nami ninao wachache katika tangi la kioo barazani kwangu, Kaloleni.

Samaki wenyewe ni fulu, wadogo kama kidole. Watoto wakitoka chuoni jioni huja kuwatazama wakiparuza mawe kwa meno yao membamba. Mzee mmoja jirani yangu hucheka kila apitapo, kwani enzi zake fulu alikuwa samaki wa kutupiwa paka. Leo yeye mwenyewe huniuliza hali zao.

Ana haki ya kuuliza. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na aina zipatazo 500 za fulu, na kila aina ina kazi yake: huyu hula mwani, yule huvunja konokono, mwingine hula wadudu. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipozidi katika miaka ya 1980, aina kama 200 za fulu zilitoweka, ingawa baadhi zimeonekana tena. Hata ngege wa asili, aliyeelezwa kitaalamu na Michael Graham mwaka 1928, ambaye hula mwani uelezao majini, ameadimika ziwani. Mabaki yake yangalipo Ziwa Kanyaboli, Siaya. Anayeitwa ngege sokoni leo, mara nyingi ni jamaa yake mgeni.

Wakati huohuo mbolea, udongo na maji machafu ya miji vimeulisha mwani ukastawi kupita kiasi. Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walieleza jambo la ajabu: fulu jike huchagua dume kwa rangi, nyekundu au buluu. Maji yakiingia giza, jike haoni tofauti, na aina mbili huchanganyika. Basi uchafu peke yake waweza kufuta kizazi, hata bila nyavu wala mbuta.

Anayetaka kufuga ajue kwamba samaki hawa si watumishi wa kuosha kioo. Nao huchafua maji. Liweke tangi mbali na jua kali, maana mwanga mwingi ndio unaouzidisha mwani. Maji ya mfereji yakae kwenye ndoo siku nzima ili dawa ipungue, na kila juma badilisha robo tu ya maji. Chakula kiwe kidogo, kwani kinachobaki huoza na kuulisha mwani tena.

Ukipata uduvi wa ziwani, ambao Wajaluo huwaita ochong'a, hao nao huchokora mwani na mabaki usiku na mchana. Wawekee mawe na majani ya kujifichia, la sivyo fulu watawafanya kitoweo. Usitie chombo cha shaba ndani ya maji yao, kwani shaba ni sumu kwao.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Samaki wa dukani watokao nchi za mbali, ukiwachoka, mpe mfugaji mwingine. Usiwamwage mtoni wala ziwani. Habari ya mbuta nayo ilianza kwa samaki waliomwagwa majini kwa nia njema, na wajukuu ndio wanaokosa kumjua ngege wa babu zao. Majuto ni mjukuu.