Mtazame Ndege Kabla ya Kumtupia Jiwe

Ndugu mkulima, je, wawajua ndege wa shamba lako? Wengi wetu twawajua kwa kelele tu. Ndege akionekana, mara jiwe. Asipokoma, mara sumu. Lakini si kila ndege ni mwizi.

Chukua daftari na kalamu ya risasi. Alfajiri keti kimya kando ya ua kwa nusu saa. Andika tarehe, ndege uliyemwona, na jambo lililo kubwa: anakula nini. Fanya hivyo juma zima, ndipo uamue.

Utamwona yangeyange, yule mweupe, akifuatana na ng'ombe. Anadaka panzi wanaoruka ng'ombe wakikanyaga majani. Mbayuwayu naye hukamata wadudu hewani. Hawa ni vibarua wasiodai mshahara.

Kwelea ni adui wa kweli. Ni mdogo kama shomoro, lakini huja kwa makundi makubwa. Mmoja hula kadiri ya gramu 10 za nafaka kwa siku. Piga hesabu: kwelea 1,000,000 humaliza kilo 10,000, yaani magunia zaidi ya 110 ya kilo 90. Ukiwaona wanakusanyika kulala katika miiba au matete, usingoje mtama wako ukomae. Mwarifu Afisa wa Kilimo siku ile ile.

Sasa tumtazame bundi, ambaye huonewa kuliko wote. Watu husema akilia juu ya paa pana msiba, basi humwua. Hebu nenda chini ya mahali anapolala mchana. Utaona madonge meusi aliyoyatapika. Pasua moja kwa kijiti. Ndani mna manyoya, mifupa, na mara nyingi fuvu la panya pamoja na meno yake. Panya huyo angalikula mahindi ya ghala lako! Hesabu mafuvu, kisha unawe mikono.

Tena kumbuka: panya aliyekula sumu huenda asife papo hapo. Bundi humkamata akiwa mlegevu, akamla, naye akafa. Hivyo mwenye kutega sumu ovyo amwua mlinzi wake mwenyewe. Afadhali inua ghala juu ya miguu, kila mguu uvishe bati la kuzuia panya, na ufyeke majani yaliyo karibu.

Basi usiku wa leo ukimsikia bundi, usitoke na jiwe. Lala, na asubuhi ukaangalie alichoacha chini ya mti.