Kichwa cha Panya na Ndoto za Mgonjwa

Kisesa, kilometa zipatazo 20 mashariki ya mji wa Mwanza katika barabara iendayo Musoma, ni mahali panapojulikana sana na wachunguzi wa UKIMWI. Tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikiwahesabu na kuwapima wakazi wake kwa vipindi, ili kujua jinsi virusi vinavyoenea katika jamii ya wakulima na wafanyabiashara wadogo. Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi mwaka 2004, wagonjwa wa huko kwanza walipaswa kusafiri hadi hospitali ya Bugando. Baadaye, katika muongo wa 2010, wengi wa waliotibiwa nchini walimeza kila usiku kidonge kimoja kilichounganisha dawa tatu, mojawapo ikiwa efavirenzi.

Dawa hiyo ilivizuia virusi barabara. Lakini baadhi ya wagonjwa walilalamika kwamba baada ya kuimeza walishikwa na kizunguzungu, na kwamba usiku waliota ndoto nzito zilizo wazi kama mambo ya mchana. Katika Usukuma, ambako ndoto huweza kuchukuliwa kuwa ujumbe wa masamva, yaani wahenga waliofariki, ndoto ya namna hiyo si jambo la kupuuzwa. Mgonjwa aliyeogopa ndoto aliweza kuacha dawa, na aliyeacha dawa aliviachia virusi nafasi ya kuzaana upya na hata kuwa sugu.

Je, chanzo kilikuwa dawa? Virusi vyenyewe huingia katika ubongo, na mtu aliyeambiwa majuzi kwamba anavyo ana sababu tosha ya kukosa usingizi mwema. Kwa binadamu mambo hayo matatu hukaa pamoja, wala si rahisi kuyatenganisha. Panya wa maabara hana virusi hivyo, hajaambiwa habari yoyote mbaya, na hana wahenga wa kumtokea.

Seli za neva katika ubongo hazikugusana kabisa. Kati ya moja na nyingine pana mwanya mwembamba mno. Habari huvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali, na mojawapo ya kemikali hizo ni serotonini, inayohusika na usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo. Ng'ambo ya mwanya serotonini hupokewa na vipokezi, kila kimoja kikiwa na umbo lake, mithili ya kufuli inayokubali ufunguo wake. Kemikali ngeni yenye umbo linalokaribiana na serotonini yaweza kuifungua kufuli hiyo pasipo kualikwa. Ndivyo ifanyavyo LSD, kemikali iliyotengenezwa na Albert Hofmann mjini Basel mwaka 1938, ambayo humfanya mtu aone yasiyokuwapo.

Panya mdogo aliyepewa LSD hutikisa kichwa upesi huku na huku, kama mbwa aliyetoka majini. Mwaka 2013 Michael Gatch na wenzake huko Texas, Marekani, walitangaza kwamba panya waliopewa efavirenzi walitikisa kichwa vivyo hivyo. Kisha likaja jaribio ambalo kila darasa la baiolojia lingefaa kulizingatia. Dawa ile ile walipewa panya waliozaliwa bila jeni ya kipokezi kimoja cha serotonini, kiitwacho 5-HT2A. Hao hawakutikisa kichwa. Kufuli ilipoondolewa, ufunguo ulikosa kazi.

Panya wakubwa nao walifundishwa kubonyeza kitufe kimoja wakiwa wamepewa LSD, na kingine wakiwa wamepewa maji ya chumvi tu. Walipopewa efavirenzi walielekea kwenye kitufe cha LSD, na kipokezi kile kilipozibwa kwa dawa nyingine waliacha kufanya hivyo. Kwa lugha ya vitufe, basi, panya walieleza walivyojisikia.

Haifai, hata hivyo, kumsemesha panya zaidi ya alichosema. Kutikisa kichwa si kuota. Tena mgonjwa alimeza dawa kila siku kwa miaka, naye ana ini lake mwenyewe: efavirenzi huvunjwa na kimeng'enya CYP2B6, ambacho kwa Waafrika wengi, kwa sababu ya urithi, hufanya kazi polepole. Hivyo watu wawili waliomeza miligramu 600 zile zile waliweza kuwa na viwango tofauti kabisa vya dawa katika damu. Chakula chenye mafuta mengi kiliongeza kiwango hicho, na ndiyo sababu wagonjwa walishauriwa kumeza dawa wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu. Mwaka 2014 uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba miligramu 400 zilitosha kuvizuia virusi, na madhara yalipungua.

Kuanzia mwaka 2019 Tanzania ilianza kuiweka dolutegraviri mahali pa efavirenzi. Dawa hiyo huvumilika zaidi, ingawa wapo wanaokosa usingizi kwa ajili yake. Hao hushauriwa kuimeza asubuhi.