Je, kadi ya michoro ya kipakatalishi yaweza kubadilishwa?

MICHEZO ya tarakilishi imepata mashabiki chungu nzima humu nchini, hasa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo na vijana walioajiriwa karibuni. Aghalabu kijana huanza na kipakatalishi kilichotumiwa ofisini ughaibuni, kisha kikaletwa nchini na kuuzwa kwa bei nafuu. Mashine hizo, kama vile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, ni imara na humfaa mwenye kuandika tasnifu. Lakini mwenyewe anapofungua mchezo kama Grand Theft Auto V au kandanda ya EA Sports FC, picha hukwamakwama na feni kuvuma bila kukoma.

Hapo ndipo swali huzuka: je, haiwezekani kuitoa kadi ya michoro iliyomo na kutia nyingine yenye nguvu zaidi, jinsi ifanywavyo kwa tarakilishi ya mezani?

Jibu fupi ni kwamba, kwa vipakatalishi vingi, haiwezekani. Yafaa sababu zake zieleweke, maadamu asiyezijua huweza kulipia kazi isiyotendeka, au kuharibu mashine aliyonunuliwa na mzazi kwa jasho.

Kadi ya michoro ndiyo hufanya hesabu za kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini. Skrini ya kawaida yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina zaidi ya nukta milioni 2. Ili mchezo uende bila kukwama, picha hiyo nzima sharti ichorwe upya takriban mara 60 kila sekunde.

Katika tarakilishi ya mezani, kazi hiyo hufanywa na kadi inayojitegemea, yenye kumbukumbu na feni zake, ambayo huchomekwa katika mfuo wa bodi kuu. Kuibadilisha ni suala la kufungua skrubu na kuichomoa.

Kipakatalishi hakikuundwa hivyo. Katika mashine nyingi za ofisini, sehemu ya michoro imo ndani ya prosesa yenyewe, na huazima kumbukumbu ya mashine. Hakuna kadi ya kutolewa. Katika vipakatalishi vya michezo, chipu ya michoro huwa ni ya pekee, lakini imelehemiwa kwenye bodi kuu kwa mamia ya vitone vidogo vya lehemu vilivyo chini yake, mahali ambapo jicho haliwezi kufika.

Fundi stadi mwenye mitambo ya joto anaweza kuing'oa chipu hiyo na kurejesha nyingine ya aina ileile iliyokufa. Kuweka ya aina tofauti ni jambo jingine kabisa. Kumbukumbu iliyo kando yake, nyaya za umeme na programu ya msingi ya mashine vyote vilipangwa kwa ajili ya chipu ya kwanza. Kosa dogo hapo huua bodi nzima.

Kizingiti kingine ni umeme na joto. Kipakatalishi cha ofisini aghalabu huja na chaja ya wati 45 au 65. Chipu ya Nvidia RTX 4060 ya vipakatalishi, peke yake, imekadiriwa kutumia kati ya wati 35 na 115. Hata ingewezekana kuitia, chaja isingetosha, na feni moja nyembamba isingeweza kuondoa joto lake.

Si kwamba watengenezaji hawakujaribu. Mwaka 2004 Nvidia ilianzisha mfumo wa MXM, ambao kadi ndogo ya michoro huchomekwa ndani ya kipakatalishi na kuweza kuchomolewa. Mashine kubwa za wahandisi kama Dell Precision M6800 na HP ZBook 17 za miaka ya 2010 ziliutumia. Hata hivyo, kadi zilitofautiana kwa umbo na matundu ya skrubu, na mara nyingi programu ya msingi ya mashine ilikataa kadi isiyoitambua.

Mnamo 2019, Dell ilitoa Alienware Area-51m, ikaitangaza kuwa mashine ya michezo ambayo mnunuzi angeweza kuiboresha. Kadi za kizazi kilichofuata hazikuja kwa ajili ya mashine hiyo, na mwaka 2021 mnunuzi mmoja aliishtaki kampuni hiyo nchini Marekani, akidai kwamba alipotoshwa.

Kampuni ya Framework ya Marekani imefika mbali zaidi. Kipakatalishi chake cha inchi 16, kilichotangazwa mwaka 2023, kina sehemu ya nyuma inayotolewa pamoja na kadi yake. Kilianza na Radeon RX 7700S ya AMD, na Agosti 2025 kampuni ikatangaza sehemu yenye RTX 5070 ya Nvidia inayoingia katika mashine zilizokwisha kuuzwa. Ila hiyo ni bidhaa ya kampuni moja, na bei yake haimfai kila mtu.

Ipo pia njia ya kuiweka kadi nje ya mashine. Kadi ya mezani hutiwa katika kisanduku chenye umeme wake, kisha huunganishwa kwa kebo ya Thunderbolt. Toleo la 3 la teknolojia hiyo, lililotangazwa mwaka 2015, hubeba hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa, lakini kadi hupewa njia 4 za data badala ya 16 inazopata katika tarakilishi ya mezani, hivyo basi hupoteza sehemu ya nguvu zake. Hasara huzidi iwapo picha inarudishwa kwenye skrini ya kipakatalishi badala ya kupelekwa kwa skrini ya nje.

Anayeifikiria njia hii ahakikishe kwanza kwamba mashine yake ina Thunderbolt au USB4 ifaayo. Umbo la tundu si ushahidi, kwa kuwa tundu la kawaida la USB-C hufanana nalo kabisa. Alama ya radi kando ya tundu ni dalili nzuri, lakini ni bora kuthibitisha katika maelezo ya mtengenezaji. Aidha, kompyuta za Apple zenye chipu za M1, zilizotoka mwaka 2020, hazikubali kadi za nje ambazo Mac za Intel zilizikubali.

Je, mwenye mashine ya kawaida afanye nini? Kwanza, aitambue kadi aliyo nayo. Katika Windows 10 na 11, akibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha akafungua ukurasa wa utendakazi, ataona jina lake.

Iwapo ni sehemu iliyomo ndani ya prosesa, kuongeza kipande cha pili cha kumbukumbu ya RAM huweza kuleta nafuu ya kuonekana, kwa sababu vipande viwili hupitisha data kwa njia mbili. Michoro ya Intel Iris Xe, kwa mfano, haifikii kiwango chake kamili bila njia hizo mbili. Vilevile, kuondoa vumbi katika feni, kupaka upya dawa ya kupitisha joto na kupunguza ubora wa picha ndani ya mchezo husaidia bila gharama kubwa.

Mwenye kutaka michezo hasa, na asiyelazimika kusafiri na mashine, atafaidika zaidi na tarakilishi ya mezani iliyotumika. Kadi kama GTX 1650 ya mwaka 2019 ina matoleo yanayotosheka na wati 75 za mfuo wa bodi, pasipo waya wa ziada. Ila apime nafasi kwanza, kwani visanduku vyembamba huhitaji kadi fupi.

Naye anayeazimia kununua kipakatalishi cha michezo hana budi kujua kwamba kadi atakayoichukua dukani ndiyo atakayokaa nayo. Asitosheke na jina peke yake. Vipakatalishi viwili vyenye RTX 4060 vyaweza kutofautiana sana, kimoja kikiipa kadi wati chache na kingine wati 115. Nayo RTX 4090 ya kipakatalishi ina kumbukumbu ya gigabaiti 16, ilhali ya mezani yenye jina hilohilo ina 24.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kadi ni ipi, inapewa wati ngapi na ina kumbukumbu kiasi gani. Kuuliza si ujinga. Na fundi anayeahidi kubadilisha kadi ya kipakatalishi kwa siku moja naye aulizwe swali moja tu: kadi hiyo imechomekwa au imelehemiwa? Iwapo imelehemiwa, fedha hizo ni bora ziwekwe akiba ya mashine nyingine.